Wengi Walioona na Wengi Waliofuata

Mnamo Februari 1988, wanachama wa KANU, chama pekee cha siasa nchini Kenya wakati huo, waliteua wagombea wao wa ubunge kwa kusimama. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Kila mgombea, au wakala aliyeshika picha yake, alikaa mahali pake uwanjani, na aliyemtaka akaenda kujipanga nyuma yake mbele ya chifu, jirani, mwajiri, mwenye nyumba na polisi. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa kuwa amekwisha kuingia bungeni bila kupigiwa kura ya siri. Watu waliuita mfumo huo mlolongo, na hadi leo wapo wazee hapa Nairobi ambao wakitaka kutoa mfano wa wizi wa mchana huutaja huo, kwa sababu kulikuwa na maeneo ambako mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu huku waliosimama katika ule mrefu wakitazama kwa macho yao.

Wizi ule umeandikwa sana. Ninalotaka kulijadili ni jambo lililotangulia hesabu, ambalo lingekuwepo hata kama kila afisa angehesabu kwa uaminifu. Mtu aliyechelewa kufika uwanjani alikuta mistari imekwisha kupangika. Kabla hajaamua, alikuwa amekwisha kuona wengi wameegemea wapi, nao wengi walikuwa wakimtazama yeye anaelekea wapi. Mstari ule ulichanganya alichokitaka mtu na alichokiogopa, na baadaye hakuna aliyeweza kuvitenganisha viwili hivyo, pengine hata yule aliyesimama. Viongozi wa makanisa waliliona tatizo hili mapema, wakaupinga mfumo huo tangu 1986 ulipopendekezwa. Mchungaji ana waumini katika kila mstari; akichagua mmoja amewapoteza wengine, na asipochagua amepoteza haki yake.

Miaka zaidi ya 30 kabla ya hapo, mwanasaikolojia Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani akiwa mtoto, alikuwa amelipima jambo hili katika Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania. Kijana mmoja aliketishwa pamoja na wenzake kadhaa, wakaonyeshwa kadi yenye mstari mmoja na nyingine yenye mistari mitatu ya urefu tofauti, kisha wakaulizwa ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Swali lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu akiulizwa peke yake ni nadra sana kukosea. Hata hivyo, wenzake wote walikuwa wamepangwa na mtafiti, na katika raundi 12 kati ya 18 walitoa kwa sauti jibu moja lililo kosa, mmoja baada ya mwingine, kabla ya zamu ya kijana yule kufika. Takriban watatu kati ya kila wanne walilifuata kundi angalau mara moja, na kwa jumla kama theluthi moja ya majibu yalifuata kosa la wengi.

Majaribio haya husimuliwa kana kwamba yalithibitisha kuwa binadamu hana msimamo, na msimulizi huishia hapo. Nadhani hiyo ni nusu ya habari, tena nusu isiyo na manufaa. Theluthi mbili ya majibu yalibaki sahihi, na kama robo ya vijana wale hawakuyumba hata mara moja. Muhimu zaidi ni yale yaliyotokea Asch alipobadilisha mpangilio. Alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli miongoni mwa waliopangwa, makosa ya kijana anayepimwa yalishuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Hata mwenzake huyo alipotoa jibu jingine ambalo nalo lilikuwa kosa, kijana alipata nafasi ya kusema anachokiona, kwa kuwa umoja wa kundi ulikuwa umekwisha kuvunjika. Naye aliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, makosa yalipungua sana. Kalamu na karatasi zilifanya kazi ambayo ujasiri ulikuwa umeshindwa kuifanya.

Asch aliwahoji vijana wale baadaye. Wapo waliosema kwamba walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe. Wengine walijua fika kwamba kundi limekosea, ila hawakutaka kuonekana tofauti. Ukiwatazama kwa nje, wote walikuwa wametamka jibu lile lile kwa sauti ile ile, na kwa sababu hiyo mimi siamini tena kwamba makofi ya mkutano yananiambia watu wanafikiri nini.

Mwaka 1996, watafiti Rod Bond na Peter Smith walichambua kwa pamoja tafiti 133 za aina hiyo kutoka nchi 17, wakaona kwamba kufuata kundi huwa kwingi zaidi katika jamii zinazoishi kwa kutegemeana kuliko katika zile zinazomtazama mtu binafsi kwanza. Nimewasikia watu wakiyatumia matokeo ya namna hiyo kutudharau, nami siyasomi kama tusi. Fikiria maisha ya mkazi wa kawaida wa Nairobi. Mtoto akilazwa, bili inachangwa na kanisa, chama, wafanyakazi wenzake na watu wa kijijini kwao. Mtu akifariki, mwili hautoki mochari hadi malipo yakamilike, na kila jioni kamati ya mazishi inakutana mjini, mweka hazina akisoma majina na ahadi za kila mmoja. Mpangaji akifukuzwa, anahifadhiwa na ndugu au muumini mwenzake. Mtu wa namna hiyo akinyamaza mbele ya jambo asiloliamini, hakosi akili. Anajua kwamba wale atakaowaudhi leo ndio watakaoketi katika kamati ile siku yake ikifika, na mara nyingi hesabu yake ni sahihi. Anayemhubiria ujasiri bila kumwambia nani atamchangia hajamwelewa.

Ila gharama ya kunyamaza nayo hulipwa, na si lazima ilipwe na aliyenyamaza.

Shangazi yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani Buruburu mnamo 2006, wakati miradi ya piramidi ilipokuwa imeenea nchini. Miradi ile ilikuwa na utaratibu unaofanana: unaweka fedha, baada ya muda mfupi unalipwa zaidi ya ulichoweka, kisha unaombwa ulete wengine, na kwa kweli malipo yako yanatoka katika fedha za hao waliokuja baada yako. Watu husahau kwamba wengi wa waliotoa ushuhuda siku zile hawakuwa waongo. Walilipwa kweli. Walisimama kanisani na katika vyama wakasema walichokiona, na kila waliyemshawishi akawa ndiye chanzo cha malipo ya mwingine. Ushuhuda ulikuwa wa kweli na hitimisho likawa kosa, na mchanganyiko huo ni mgumu kuupinga kuliko uongo mtupu.

Chama kilikutana Jumapili alasiri kuamua kama akiba ya miaka mitatu ihamishiwe katika mradi mmoja wa namna hiyo. Shangazi alikuwa na daftari lake la jalada gumu mapajani. Baada ya wawili kutoa ushuhuda, aliuliza kwa upole, "Dada zangu, faida hii inatoka katika biashara gani?" Hakuna aliyejibu. Kisha mmoja akasema, "Mama, mbona wewe hutaki wenzako wainuke?" Mwenyekiti akaomba mikono iinuliwe, ikainuka, mmoja akafunga kwa sala. Walipokuwa wakiagana langoni, mwanachama mmoja alimvuta Shangazi kando akamwambia kwamba swali lile hata yeye alikuwa nalo. Siku mbili baadaye mwingine alimpigia simu akasema hivyo hivyo. Hao wawili hawakuwa wameambiana. Kwa hiyo watu watatu wenye shaka moja walikuwa wamekaa sebuleni pamoja kwa saa mbili, kila mmoja akiamini kwamba yuko peke yake, na wawili kati yao wakainua mikono.

Mwaka uliofuata miradi ile ilianguka. Kikosi maalumu kilichoundwa na serikali kilikadiria baadaye kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Akiba ya chama ilikwenda na hizo. Shangazi hakuhutubia mtu. Alikubali kuendelea na kazi ya mweka hazina kwa sharti moja, kwamba uamuzi wowote wa kutoa fedha kubwa upigiwe kura kwa vikaratasi kabla ya majadiliano kuanza. Walikata vikaratasi kutoka daftari la shule, wakavikunja na kuvitia katika sufuria yenye kifuniko. Mara ya kwanza kuutumia utaratibu huo, walikuwa wakiamua kuhusu kiwanja kimoja ambacho kwa miezi kila mtu alikuwa akikisifu mdomoni. Vikaratasi vilipofunuliwa, wengi walikuwa wamekataa. Majadiliano yaliyofuata, Shangazi anasema, yalikuwa ya kwanza ya kweli tangu chama kianzishwe.

Waswahili husema wengi wape, nami sitaki kuidharau hekima hiyo. Mwaka 1785, mwanahisabati Mfaransa Marquis de Condorcet alionyesha kwa hesabu kwamba ikiwa kila mtu katika kundi ana nafasi ya kuwa sahihi iliyo kubwa kidogo kuliko ya kukosea, basi uamuzi wa wengi huwa na uhakika mkubwa zaidi kadiri kundi linavyoongezeka. Lakini hesabu yake ina sharti, nalo ni kwamba kila mmoja awe ameamua bila kumtegemea mwenzake. Watu 100 walioangalia kila mmoja kwa macho yake ni mashahidi 100. Watu 100 waliomfuata wa kwanza ni shahidi mmoja, aliyezungukwa na watu 99. Mgawanyiko unaonisumbua ni huu, kwa sababu kwa nje makundi hayo mawili hayatofautiani, na katika maisha ya kila siku tunayapa heshima sawa.

Simu zimelizidisha tatizo hili. Wakati wa janga la korona, baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa Nairobi tarehe 13 Machi 2020, ujumbe mmoja kuhusu tangawizi, vitunguu saumu au mwarobaini ungeweza kumfikia mtu kutoka kwa dada yake, mchungaji wake, mwenzake wa kazini na jirani yake katika asubuhi moja. Akili yetu ilihesabu watu wanne. Aliyeandika alikuwa mmoja, na hao wanne walikuwa wameusambaza tu.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba woga ndio pekee unaotuweka mstarini. Kuna jambo jingine lenye nguvu zaidi, nalo ni faraja, na hili nataka kulizungumza kwa uangalifu kwa sababu wanaofarijiwa ni watu wenye maumivu.

Mwaka 1990, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza hapa Nairobi dawa iliyoitwa Kemron. Ilikuwa interferoni alfa, aina ya protini ya kinga ya mwili, kwa kiwango kidogo sana, iliyomumunywa mdomoni, na watafiti waliokuwa wakiongozwa na Davy Koech waliripoti kwamba wagonjwa wa UKIMWI waliopewa walipata nafuu kubwa. Rais Moi mwenyewe aliitangaza. Mtu asiyekumbuka miaka ile aelewe hali ilivyokuwa: mseto wa dawa unaowaweka watu hai leo haukuwepo hadi 1996, dawa ya AZT ilikuwa ghali mno kwa Mkenya wa kawaida, na kupimwa na kukutwa na virusi kulichukuliwa kuwa hukumu. Katikati ya hali hiyo, tiba ilitangazwa, tena na Waafrika, katika mji wetu. Kuitilia shaka kulikuwa ni kuitilia shaka nchi, na kulikuwa ni kumnyang'anya mgonjwa kitu pekee alichokuwa nacho. Mimi siwezi kumlaumu hata mmoja aliyeishika imani ile kwa mikono miwili.

Lakini Kemron ilipimwa na wengine. Nchini Uganda, madaktari waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa zaidi ya 500, wengine wakapewa interferoni na wengine kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani, na wala mgonjwa wala daktari aliyemhudumia hakujua nani amepata nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 hayakuonyesha manufaa yoyote. Watu wengi huudhika wakisikia utaratibu huo wa kuwaficha wagonjwa na madaktari, wakiuona ni wa kikatili. Mimi nauona kuwa ndugu wa kura ya siri. Daktari anayejua kwamba mgonjwa wake amepewa tiba ya matumaini ataiona nafuu, atamwambia mgonjwa, mgonjwa atajisikia nafuu kweli kwa siku chache, na familia itathibitisha. Wote watakuwa waaminifu. Utaratibu ule unawazuia kwa muda wasiambukizane matumaini, ili kila mmoja aandike anachokiona, halafu ndipo waletwe pamoja. Utafutaji wa ukweli, jinsi ninavyouelewa mimi, unaanza na utengano mfupi wa namna hiyo.

Mwaka 2011 faraja ilikuja tena, safari hii kutoka ng'ambo ya mpaka. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za Tanzania katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema Mungu alimfunulia mti wa mugariga katika ndoto, na kwamba kikombe kimoja kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na miongoni mwa waliofika walikuwepo viongozi wakubwa. Magari mengi yalitoka Nairobi. Tofauti na 1990 ilikuwa kubwa, kwa sababu safari hii dawa zilikuwepo, na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa zikitolewa bure katika hospitali za umma za Kenya tangu 2006. Aliyeshika imani sasa alikuwa na kitu cha kuachilia ili aishike.

Jirani yetu mmoja wa Kariobangi alikwenda. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Aliporudi alikuwa amechangamka kuliko tulivyowahi kumwona, akaviweka vidonge vyake juu ya kabati na hakuvigusa tena. Wageni waliokuja kumpongeza walimwambia uso umeng'aa, na kweli ulikuwa umeng'aa. Ndugu zake, ambao walikuwa wamechanga nauli, hawakutaka kusikia swali lolote. Binti yake, wakati huo akiwa kidato cha tatu, aliona anaamka usiku mara nyingi kunywa maji na kwenda msalani. Hakubishana naye kuhusu kikombe wala kuhusu ndoto. Alimwambia, "Baba, mimi sikatai uliyotendewa. Twende tu tupime, ili tuwe na ushuhuda kamili." Katika kliniki ya mtaani, mashine ilisoma 24, wakati kabla ya kula haifai kuzidi 7 kwa mgonjwa kama yeye. Akarudia vidonge siku hiyo hiyo. Hakuacha kuamini kikombe. Alisema Mungu anatumia njia nyingi, na binti yake akasema, "Ndiyo, Baba," wakarudi nyumbani.

Nimelifikiria sana jambo alilofanya binti yule, na naona alikuwa na busara kuliko wengi tunaojiita watafutaji wa ukweli. Tunapomkabili mtu mwenye imani inayomfariji, kwa kawaida tunaishambulia imani yenyewe, na hapo tunamlazimisha achague kati yetu na kitu kinachomwezesha kulala usiku. Binti hakudai Baba atoke mstarini. Alisimama naye, akaleta kipimo ambacho hakikujali mgonjwa anaamini nini wala anampenda nani. Imani inayomwambia mjane kwamba atakutana na mumewe sina ugomvi nayo, na sidhani kwamba ni kazi yangu kumtaka aithibitishe. Ugomvi wangu unaanza pale imani inapodai uviache vidonge, au utoe akiba, au unyamaze mbele ya anayeumizwa. Shakahola, huko Kilifi, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe, haikuanza na njaa. Ilianza na watu kukubali, hatua kwa hatua, kwamba kuuliza ni dhambi.

Baadhi ya akina mama wa chama kile hawakumsamehe Shangazi kwa kuwa sahihi. Mume wake alipofariki miaka michache baadaye, wawili hawakuja, na mmoja wao alikuwa kati ya wale wawili walioinua mikono wakati moyoni walikuwa na shaka. Sijui namna ya kuifuta gharama hiyo. Ninachojua kutoka kwa Asch ni kwamba gharama huwa kubwa kupita kiasi kwa mtu anayesimama peke yake, na kwamba inashuka ghafla akipatikana wa pili. Kwa hiyo sijiwekei lengo la kuwa yule wa kwanza kuuliza. Hiyo ni karama na si kila mtu anayo. Nimejiwekea wajibu wa kuwa wa pili, hata kabla sijajua nani yuko sahihi.

Muhula uliopita, katika mkutano wa wazazi wa shule anakosoma mwanangu, baba mmoja aliuliza ziko wapi risiti za fedha tulizochanga kwa ajili ya basi. Ukumbi ukaguna. Aliyekuwa akiongoza akaanza kusema kwamba tusivurugiane siku. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti, kwa heshima, naomba swali la mzazi mwenzangu lijibiwe kabla hatujaendelea." Nyuma yangu mama mmoja akasema naye anaomba hivyo hivyo. Mweka hazina akaenda ofisini, akarudi na faili, akatusomea risiti moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa sawa. Yule baba akashukuru na kuketi, na tukaingia katika ajenda ya karo.